Lampe ya Mama Honorine

Adalbert alikuwa fundi wa umeme kwenye karakana ya reli, na katika barabara yake ya cité, mtaa wa Waafrika wa Elisabethville, hakuna aliyepeleka redio mbovu kwa mtu mwingine. Sifa hizo zilimponza. Mtu akisifiwa sana kwa kutengeneza vya wenzake, siku moja hutaka kuonyesha chake, na chake Adalbert kilikuwa ampli: mashine ya kukuza sauti hadi ijaze uwanja wa parokia sikukuu ya Bikira Maria, mwezi wa nane.

Aliijenga juu ya debe la mafuta, akalikata na kulinyoosha kwa nyundo. Transfoma aliizungushia waya mwenyewe. Zilibaki lampe za mwisho, zile chupa nene za kioo zinazosukuma sauti. Zilitakiwa mbili pacha. Yeye alikuwa na moja, na duka la mjini lilimwambia angoje meli ya Ulaya.

Hapo ndipo Mama Honorine alipoleta redio yake. Alikuwa mjane wa dereva wa treni, na redio ile ndiyo aliyoachiwa na marehemu. Ulikatika waya mmoja tu. Adalbert aliuunga kabla chai yake haijapoa. Kisha akaiona lampe ya mwisho ya redio ile, pacha kamili wa ile aliyokuwa nayo. Shetani hapigi hodi kwa fundi. Hukaa naye benchi moja.

"Mama, lampe iliungua," akamwambia. "Tungoje ya Ulaya."

"Mungu akubariki, baba. Miye natumainia tu weye."

Baraka ile ilimfuata hadi mezani. Chakula hakikumpendeza tena, akawa mkali kwa mkewe Laurentine bila sababu, na kila alipopita mbele ya nyumba ya mjane alijifanya anakagua nyaya za umeme juu ya nguzo.

Mara habari zikafika: Jumamosi alasiri redio ingetoa salamu za askari wa kambi moja ya mbali, kwa sauti zao wenyewe. Désiré, mwana pekee wa Mama Honorine, alikuwa huko, na mama yake hakuwa ameisikia sauti yake tangu alipovaa ile kofia nyekundu ya jeshi. Laurentine, aliyejua yote, hakuzunguka mbuyu.

"Rudisha ile lampe leo," akasema. "Ni kintu ya mwenyewe."

Mwenye akili angeirudisha. Adalbert akapata jibu lililomfurahisha zaidi: angejaribu ampli yake kwa salamu hizohizo. Mjane angemsikia mwanawe kwa sauti kubwa kuliko redio yoyote ya cité, na kosa lingefutika bila mtu kujua. Akamwalika. Mama Honorine akaalika barabara nzima.

Jumamosi ua ulijaa. Mjane alikuja na nguo yake ya misa, akakalishwa mbele. Adalbert aliunganisha kiredio chake kidogo na ampli, lampe zikawaka rangi ya machungwa, na muziki ukatoka mnene hata watoto barabarani wakaacha mpira. Watu wakapiga makofi. Kichwa kikamvimba, hatia akaisahau kabisa.

Mtangazaji akaanza kuwaita askari mmoja mmoja. Adalbert aliinama, sikio kwenye kipaza sauti, akaongeza nguvu kidogo.

"Mama," ikasema sauti, "ni miye Désiré..."

Wanawake wakapiga vigelegele, na maneno yaliyofuata yakapotelea humo. Kisha ampli yenyewe ikapiga yowe, mluzi wa kutoboa masikio, hata mbwa wakalia. Adalbert alijua mara moja. Waya wa kuingiza sauti alikuwa ameupitisha ubavuni mwa ule wa kuitoa, kwa haraka ya kuiwahi Jumamosi, na sasa mashine ilikuwa inajilisha sauti yake yenyewe. Akauvuta waya, akapunguza nguvu. Mluzi ulipokoma, askari mwingine alikuwa anamsalimu mama mwingine.

Aliyekuja kumfariji ni Mama Honorine.

"Si kosa yako, baba Adalbert. Bila mashine yako singesikia hata ile kidogo. Redio yangu iko mugonjwa, ungefanya namna gani?"

Matusi angeyavumilia. Shukrani zilimshinda. Akakata umeme, akaishika lampe ikiwa bado ya moto. Ilimchoma vidole, hakuiachia. Akaifunga katika leso, akamwekea mjane mkononi mbele ya watu wote.

"Mama, hii njo lampe yako. Haikuungua. Redio yako iko muzima tangu siku ile uliileta. Miye nilikudanganya."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mama Honorine alifungua leso, akaitazama lampe, akaifunga tena polepole. Hakupiga kelele, na Adalbert alitamani apige.

"Weye ulikuwa karibu na ile mashine kushinda siye bote," akasema. "Sikio yako ilikuwa palepale. Uniambie tu: mutoto wangu alisema nini nyuma ya jina yake?"

Adalbert akajaribu kukumbuka. Alikumbuka jinsi besi ilivyotoka safi, jinsi debe lilivyotetemeka kidogo, jinsi sauti ilivyokuwa na uzito aliouota miezi yote ile. Maneno ya Désiré hakuwa nayo hata moja.

"Sikusikia, mama," akasema. "Nilikuwa nasikiliza mashine."