Bei Nilizomtajia Bibi

Tangu nihamishiwe Bariadi kikazi, wenzangu wa Dar es Salaam hawaishi kunipigia simu wakiuliza kama maisha ya huku ni rahisi. Nawaambia kodi ninayolipa hapa kwa nyumba nzima, kule ilinipatia chumba na choo cha kuchangia, na kazini nafika kwa miguu. Wananionea wivu. Mimi roho inanisuta, maana mahesabu haya niliwahi kuyafanya mbele ya mtu ambaye hakustahili kuyasikia.

Nimelelewa na bibi, mzaa mama, hapo Ngulyati, kijiji cha huku huku Bariadi. Rafiki yangu, kama ulikulia kwetu unakumbuka msimu wa michembe: viazi vitamu vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa mpaka vikauke, na sisi watoto tunashinda juani kufukuza mbuzi. Kiangazi vilichemshwa na karanga, harufu ikafika barabarani. Tulikula nje, na bibi hakugusa chakula kabla hajaangalia njiani. Apitaye yeyote, hata mgeni wa baiskeli kutoka Dutwa, aliitwa anawe mikono. Nilikuwa mlafi, nikinuna. Bibi alinicheka tu: "Kwani anakula kwa tumbo lako?"

Miaka michache iliyopita nilimleta Dar kutibiwa macho. Siku ya pili nikamkuta mlangoni na sahani ya wali, anamwita mama mzoa taka aje wale pamoja. Niliona aibu, nikakasirika. Nikamvuta ndani nikamwambia huku kila kitu kinanunuliwa, kisha nikamtajia bei moja baada ya nyingine: mchele, mkaa, maziwa, hata maji ya kunawa. Alisikiliza, mikono mapajani.

"Sikujua, mjukuu wangu," akasema.

Kuanzia hapo akawa anashiba haraka. Matonge matatu, anasukuma sahani. Maziwa akasema yanamsumbua tumbo, yeye aliyenikuza kwa maziwa mgando. Nisikudanganye, nilijua. Nilijua, na kwa kuwa mwezi ulikuwa mgumu, nikajifanya sijui. Wiki ya tatu nilimpandisha basi la kurudi, gauni likimpwaya. Masika yaliyofuata akafariki.

Juzi nilikwenda Ngulyati. Uwanja wetu umezungushiwa uzio, michembe inauzwa sokoni kwa mafungu, na watu wanakula milango imefungwa. Jirani wa bibi, sasa mzee kabisa, alinitambua kwa mbali.

"Mwadila, mayu," akanisalimu Kisukuma, akanishika mikono yote miwili. "Si wewe uliyemtunza bibi yako Dar? Alirudi hapa anatusimulia vyakula tu! Anasema, huyo mtoto kanilisha mpaka nikawa nakataa."

Alinitazama usoni, akisubiri niseme neno. Nikamwambia ndiyo, bibi alikula vizuri.