Kwa mtani wangu Maganga, aliyemsindikiza kakakuona

Siku ya nne leo, na kidole changu bado kinakataa kuandika neno "marehemu" mbele ya jina la Maganga.

Wanafunzi wangu mnaonisoma hapa, kuna jambo nimewaficha tangu nilipokuwa nafundisha Ntalikwa. Maganga alilijua, akalinyamazia. Sasa yeye hayupo, na mapafu yangu hayaniahidi muda mrefu. Nitalisema kabla sijaweka simu chini.

Juzi mazishini walinishusha kwenye bajaji, nikafunga njia ya jeneza kwa mkongojo wangu, kama inavyompasa mtani. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Utani huu babu zetu waliuanza kwenye misafara ya wapagazi, nasi tuliurithi mzima mzima.

Nikasema, "Hapiti mtu hapa. Kwanza aniambie nani atanitukana kuanzia leo."

Mjane wake akacheka huku analia. "Shemeji, mpishe mwenzio. Alituambia mapema kwamba Mzaramo atatuchelewesha."

Wengi mlimjua kama mrina asali. Mizinga yake ya magome ilining'inia kila pembe ya miombo ya kule, naye aliipanda miti bila kamba mpaka mvi zikamjaa kichwani.

Mlijua pia salamu yake kwangu. Tukutane sokoni, tukutane kanisani kwao, hata nilipolazwa Kitete, aliingia wodini na swali lile lile: "Mtani, umeshashuka kichuguuni?"

Mkadhani anamcheka mtu wa pwani asiyezoea vichuguu vya kule. Nami nikacheka pamoja nanyi.

Sasa niwarudishe siku ile ya kakakuona. Mama Kulwa, jirani yetu, alikuwa anapiga matuta ya viazi akamkuta kakakuona pembeni ya shamba. Alikuwa wa kwanza kuonekana kijijini kwa miaka mingi. Wengine tulikuwa tunamfahamu kwa picha ya kitabuni tu.

Kwa desturi ya kule, akapelekwa uani kwa mzee wa kijiji. Wakamwekea mtama, bakuli la maji na mkuki. Atakachokiendea ndicho kitakachotabiri mwaka: shibe, mvua au vita.

Yeye akajikunja akawa mpira. Kijiji kizima kikachuchumaa kumsubiri.

Mara pikipiki ikaingia. Bwana mmoja wa mjini, gunia begani, hata salamu hakutoa. "Mwenye mzigo ni nani?"

Maganga akasimama. "Mzigo upi? Huyu ni mgeni wetu. Mgeni haulizwi bei, huulizwa habari za atokako."

"Mimi nimeitwa kwa simu."

"Na nani?"

Yule bwana akaanza kututazama nyuso, mmoja mmoja. Hakumwona aliyemtafuta, kwa sababu hakuwa anamjua kwa sura. Akatoa simu yake ili ampigie.

"Hapa hakuna mtandao, bwana," Maganga akamwambia. "Ukiutaka, panda kichuguu. Ila angalia nyoka wasikupokee wao."

Watu wakaangua kicheko. Maganga hakumwangalia mtu yeyote, wala mimi hakuniangalia.

Katika kicheko kile kakakuona akajikunjua. Akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kaikunja kifuani, akaanza kutembea polepole kama mzee anayetafuta miwani yake. Akaupita mtama. Akayapita maji. Akaupita mkuki. Akashika njia ya msituni.

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuona hilo. Yule bwana akapiga hatua na gunia lake, na Maganga akaingia katikati.

"Amechagua kwao," akasema. "Atakayemzuia, ajue anautia mwaka wetu mzima guniani. Tumsindikizeni."

Mama Kulwa akapiga kigelegele cha kwanza. Tukatoka wote, wazee, akina mama na wanafunzi, tukatembea kwa mwendo wa kakakuona hadi kwenye miombo. Mgeni tulimwacha uani na pikipiki yake.

Mvua za mwaka ule zilikuwa njema.

Tangu hapo kakakuona anayeonekana haguswi, husindikizwa kwa nyimbo. Vijiji vya kuelekea Isikizya navyo vikaiga. Mimi mkanifanya mwenyekiti wa kamati ya wanyamapori. Nimezunguka na projekta shule kwa shule, nimepewa cheti, kimetundikwa ukutani kwangu, na nyinyi mkaniita Mwalimu Kakakuona.

Mwezi uliopita Maganga alinitumia picha kwa WhatsApp, imetikisika kwa mkono wa uzee. Mama kakakuona anapita chini ya mzinga, mtoto kapanda mkiani. Chini yake aliandika: "Tumeshinda, mtani. Wanazaana."

Niliitazama picha ile mpaka chaji ikaisha.

Jana kamati ilinipigia simu. Wanataka msitu wa kijiji uitwe kwa jina langu. Nimekataa. Uitwe Msitu wa Maganga, na anayetaka sababu aisome hapa.

Lala salama, mtani. Miti yako ina asali, na chini yake kuna wageni wenye watoto. Ulinivumilia miaka yote hii bila kuniaibisha hata mbele ya mkeo. Leo nakujibu: nimeshuka.

Asubuhi ile simu ya mkononi kijijini ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yangu, wala hamkujua kuwa ninayo. Nyumba yangu ilikuwa haijaezekwa. Mimi niliyewafundisha darasani kwamba magamba ya kakakuona si dawa, ni kitu kile kile cha kucha zetu, nilipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Maganga alikuwa mtini juu yangu, mkono ndani ya mzinga, akisikia kila neno.

Aliyemwita yule mnunuzi ni mimi.