Maji ya Bati

Jirani yangu hapa Uvira hakingi mvua inapoanza. Huiacha ioshe bati, naye husimama chini ya paa akiyaonja maji kiganjani mpaka ladha ya vumbi iishe, ndipo asogeze pipa na kulifunika kwa kitambaa cheupe. Haruhusu mtu mwingine aliguse. Kiangazi hiki mabomba yalikauka, na kipindupindu kikaingia mtaani. Apolline, ambaye yeye na jirani huyo hawakuwa wakisalimiana tangu wagombee mpaka wa viwanja vyao, alipita na bidoni, dumu lake la maji, akielekea ziwani, mtoto mchanga mgongoni.

“Maji ya ziwa usimupe mutoto,” jirani alimwambia. “Leta bidoni.”

“Na weye utakunywa nini?”

Jirani aliondoa kitambaa cheupe. Aliliinamisha pipa kwa mikono miwili mpaka likabaki tupu. Jioni nilimwona akitoka ziwani na ndoo ya maji kichwani, akawasha makaa ayachemshe maji hayo.