Kisu cha Chai na Mahindi ya Kuchoma

"Nani aliweka kisu hiki motoni?" fundi wa vyuma wa Kebirigo aliuliza.

Mbele yangu kwenye foleni walisimama mama mmoja na mumewe. Kisu chao cha kupogolea chai kilikuwa kimelegea, kikijikunja kwenye kila tawi.

"Ni huyu," mume akasema, akimwelekezea mkewe kidevu. "Anakinoa vibaya. Simnunulii kingine, apogoe kwa meno."

Watu walicheka. Nilifungua mdomo nimhutubie kama tufanyavyo kwenye midahalo ya chuoni, lakini fundi aliniashiria ningoje. Alikigeuza kisu juani, tukaona doa la buluu kwenye makali.

"Chuma hiki nilikizima majini kikiwa chekundu, kikawa kigumu. Kisha nikakipasha kidogo tu, kisivunjike. Kikizidishiwa joto baadaye, ugumu unaondoka. Na hiki kimechomwa mpaka kikawa chekundu tena."

"Uongo!" mume akaruka. "Hakikuwa chekundu hata kidogo! Nilikuwa nageuza mahindi tu!"

Kisha mkewe, kwa upole: "Baba watoto, yalikuwa matamu?"

"Najua hakikuwa chekundu, mzee," fundi akasema. "Kikifika buluu tu, ugumu umekwisha."

Kisu kilitiwa motoni na kuzimwa upya, na aliyevuta mivukuto ni mume mwenyewe, jasho likimtiririka. Mimi na kelele zangu zote za midahalo sijawahi kumfanya mpinzani ajishtaki kwa kinywa chake.

Baba zetu, nawaomba: mahindi yageuzeni kwa kijiti.