Nahodha Mwenye Jicho Moja

Niliandika hadithi za maharamia wa angani kwa miaka kadhaa nikiwa sijawahi kupanda hata mtumbwi. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kuosha vyombo vya majaribio na kupima kemikali katika shule moja ya sekondari hapa Voi, na wanafunzi wakienda chakula cha mchana mimi hufungua daftari. Merikebu nilizijua kwa picha tu. Kwa hiyo chombo changu kilitoka kama kilivyotoka: lori kuukuu la kubebea maji, limefungwa injini ya roketi, lina breki ya mkono, na kila likitua kwenye sayari mtu anaruka chini haraka kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

Maharamia wangu hawakuiba dhahabu. Waliiba maji. Matajiri walikuwa wakivuta milima ya barafu angani kuipeleka kwenye sayari za mbali, na hawa wangu wakaivizia, wakaitoboa, wakajaza tangi, wakaenda kuwagawia watu waliopanga mitungi kwenye foleni tangu asubuhi. Mtu wa Voi haelezwi kinachochekesha hapo. Bomba kubwa la maji linatupita kwenda pwani, na sisi mfereji ukikohoa tu tunashukuru.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nilipanda milimani Mghange kwa wazazi wangu. Baada ya ibada na chakula niliwasomea sura mpya: baba, mama, mke wa kaka yangu, na jirani mmoja wa kike mwenye kicheko cha kufukuza kuku. Baba alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, akibeba mkonge na saruji, mpaka alipostaafu, hivyo alijiona ndiye mkaguzi. Alitaka kujua injini inapozwa na nini huko juu. Aliuliza mawe ya nini wakati angani hakuna mteremko. Nilimwambia ni mazoea tu, na hilo alilikubali mara moja.

Halafu nikamleta nahodha. Niliona maharamia bila nahodha mwenye jicho moja ni kama harusi bila pilau. Kila alipoingiza chombo kituoni aligonga nguzo, na kila alipogonga alishuka, akaikagua ile nguzo kwa heshima zote, kisha akatangaza kwamba imesogezwa.

Jirani alicheka mpaka akaomba maji. Mama hakucheka. Baba aliweka kikombe chini akasema anakwenda kumtazama ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe alikuwa ameshalishwa, ameshakamuliwa, amelala zake.

Jikoni mama alinieleza huku akisugua sufuria. Jicho la kushoto la baba lilikuwa halioni. Tangu lini hakujua, maana mwenyewe kila akiulizwa alisema ni vumbi la barabara ya Taveta. Lakini alikuwa akimimina chai nje ya kikombe. Na sasa la kulia nalo lilikuwa limeanza, jua likipungua anatembea akishika ukuta. Ukimtajia hospitali anatoka nje.

"Anaogopa kuambiwa hata hii ingine inaenda," mama alisema. "Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nimesema nikachoka."

Niliona haya mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Ile nguzo sikuitunga mimi. Muda mfupi baada ya kustaafu, baba aliigonga nguzo ya lango letu kwa pikapu ya kaka, akashuka, akaitazama nguzo, akasema kuna mtu ameisogeza. Tulivunjika mbavu siku nzima. Mimi niliuweka mzaha ule miaka yote hiyo, nikaja kumwandalia mwenyewe mbele ya jirani, na sikuwahi kujiuliza dereva kama yule anagongaje lango lake. Niliiba kwa baba yangu kile alichokuwa akikificha, tena bila kujua nimeiba nini.

Mwezi uliofuata nilikuja na nahodha aliyepona. Fundi wa sayari ya nane alikuwa amemtengenezea jicho la pili kwa kioo cha darubini, na sasa anaegesha bila kugusa kitu. Mvua ilikuwa inanyesha na jirani hakuja. Nilisoma mbiombio, kama mtu anayelipita kaburi, nikitaka sura ile iishe tuzungumze mengine. Baba akainua mkono.

"Hiyo jicho ingine ametoa wapi?"

Nikamweleza habari za fundi. Akatikisa kichwa.

"Mwache na hiyo moja yake. Lakini usimfanye mjinga."

Kisha akanifundisha, taratibu, vile alivyokuwa akinieleza gia nilipokuwa msichana. Mtu wa jicho moja haoni umbali, alisema, anaukisia. Anasogeza kichwa kushoto na kulia aone kipi kinahama haraka, maana kinachohama haraka ndicho kilicho karibu. Anatazama kivuli cha gari lake mwenyewe. Akirudi nyuma anazima redio. Mahali pa kuacha hatua mbili anaacha sita, na wenzake wakimcheka anawaambia ni uzee. Mama alikuwa amekaa na ungo mapajani, mchele umesahauliwa.

Nilimuuliza aliendesha hivyo muda gani.

"Miaka mitatu," alisema.

Akatueleza siku ya mwisho. Alikuwa akiegesha Maktau kwa wanawake wanaouza nyanya kando ya barabara. Aliliona kreti la nyanya liko mbali, bado ana nafasi tele, na hapo hapo akasikia mbao zikipasuka chini ya bampa. Mwenye nyanya, aliyekuwa ameketi nyuma ya kreti, alikuwa ameinuka dakika ile ile kumfuata mtoto wake. Kesho yake baba alirudisha funguo na kusema amechoka. Sisi tulimchinjia mbuzi wa pongezi. Alituambia kwamba mpaka leo akisikia mbao zikivunjwa kuni anatafuta yule mama wa nyanya yuko wapi.

Mimi nililia. Halafu nikamuuliza kuhusu jicho la kulia. Alisema tutaona. Nikamwambia kesho kuna kliniki ya macho Voi na mimi nitaomba ruhusa kazini. Akamwomba mama koti, ashuke nami Voi jioni ile ile.

Daktari alisema ni presha ya macho. Alipoulizwa ilianza lini, baba alisema yote, bila vumbi. La kushoto lilikuwa limekwenda na halingerudi. La kulia lingeweza kushikiliwa hapo lilipo, kwa dawa ya matone kila siku, asiruke hata moja.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje. Aliigeuzageuza ile chupa ndogo mkononi, akiileta karibu na uso.

"Ungeniuliza mapema," alisema.

Nilimwuliza kama kweli angekubali kuja.

Akaitia chupa mfukoni mwa koti.

"Ningekataa," alisema. "Lakini ungekuwa umeuliza."