Bawa la Keza

Evaristi Ntirampeba hakuwa na kipaji cha uongo. Akidanganya kitu kidogo tu, kama kwamba ameshakula, masikio yanamtoka jasho. Ndiyo maana watu wa Kibimba walibaki midomo wazi waliposikia alichomfanyia Mwalimu Recho, mama wa watu aliyetoka Mwanza kuja kuangalia ndege. Walisikia kwa Ngassa, dereva, ambaye ni kijana mzuri sana ila hana kifua.

Kazi ya Evaristi, ile iliyomfanya ajulikane nje ya kata, ilikuwa kuwaongoza wageni porini. Aliianza kinyumenyume. Utoto wake wote aliamia mashamba ya watu, yaani alikaa kwenye kichanja tangu alfajiri akiwarushia ndege madongo wasimalize mtama. Mama yake alivuka naye mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni, na mtoto wa mkimbizi hana kazi ya kuchagua. Huko kichanjani aliwajua ndege mmoja mmoja, kwa sauti, kwa wizi na kwa saa zao za njaa. Alipokuwa mtu mzima wageni wakaanza kuuliza nani anajua ndege wa pande hizi, na watu wakawaelekeza kwa yule waliyemzoea akiwafukuza.

Wageni wenyewe walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka ulikuwa mzuri kama wakija mara tatu. Katikati hapo Evaristi alilima maharage yake, alikwenda misa Rulenge sikukuu kubwa, na jioni alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mkewe, Agness, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Mtoto Mungu hakuwajalia. Aliyebaki ni Keza.

Keza alikuwa korongo taji, ndege mrefu wa kijivu mwenye shungi la dhahabu kichwani na mashavu meupe yenye doa jekundu. Kwao Evaristi ndege huyo anaitwa umusambi, na wazee wa Kirundi walipenda kumfuga uani, awe heri ya nyumba. Wachunga ng'ombe walimwokota Keza akiwa kifaranga baada ya moto wa nyasi, wakampelekea Agness kwa sababu kila mtu alijua moyo wake. Agness akampa jina ambalo yeye na mumewe walikuwa wameliweka akiba kwa ajili ya binti. Hakuna aliyewacheka kwa hilo, angalau si mbele yao.

Agness alikuwa mchezaji. Kwenye harusi aliinua mikono juu, akaipinda kama mabawa ya umusambi, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Nyumbani alicheza na Keza. Mmoja alipiga makofi, yaani Evaristi, na wawili walicheza, wakiruka na kuinamiana pale uani hadi vumbi likatimka. Baada ya mazishi Evaristi aliendelea kupiga makofi. Keza aliendelea kucheza, peke yake, akimtazama yeye.

Kila manyoya mapya yalipoota, Evaristi alimbana Keza kwapani, akapunguza ya bawa la kulia kwa mkasi. Ndege mwenye bawa moja fupi haruki, anapinda na kuanguka. Alijua kabisa kwamba kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa. Hata hivyo majirani hawakusema, ofisa mtendaji hakusema, na Evaristi hakujiuliza.

Sasa Ngassa akapiga simu mwezi wa sita. Ana mgeni, akasema, mwalimu mstaafu, hataki simba wala tembo, anataka ndege tu, na hasa korongo taji. "Mzee, wapo hao?"

Hawakuwapo. Zamani jozi moja ililala bondeni chini ya Kibimba kila mwaka, kwenye mafunjo. Lakini mafunjo yalichomwa, bonde likapandwa maharage na mahindi mpaka kwenye maji, na korongo wakahama. Evaristi alikuwa amekwenda kuwatafuta mara nne, akarudi na matope tu. Alitakiwa aseme hivyo. Lakini alifikiria akisema hapana mgeni hatakuja, na asipokuja huyo, yeye Evaristi atakaa mpaka mwezi wa tisa bila mtu wa kumwambia habari za ndege. Upweke ulimjibia simu.

"Wapo, bwana Ngassa. Nawajua kama watoto wangu."

Basi wakaja. Mwalimu Recho alikuwa na miaka sitini na saba, mwembamba, amevaa kofia ya chandarua na raba za mwanafunzi, na shingoni ananing'iniza darubini.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Evaristi.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa una masikio kuliko mbwa. Tutaona."

Evaristi akampenda hapo hapo. Siku ya kwanza walikuwa mwambao wa ziwa Burigi. Furukombe alipiga ukelele juu ya mti uliokauka, mwari walielea kwa mstari, viboko walikoroma kwenye magugu. Evaristi alisema, "Sikiliza, kushoto kwako, mdiria," na kweli, mdiria akachomoka. Mwalimu aliandika kila kitu kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wa ubaoni. Siku ya pili walishuka kwenye nyika kavu upande wa Biharamulo, kwenye migunga na vumbi jekundu, nyamera wamesimama juu ya vichuguu kama askari, kanga wanakimbia mbele ya gari. Evaristi aliongea siku hizo mbili kuliko alivyoongea tangu Pasaka. Koo lilimwuma kwa furaha.

Wakiwa kivulini mwalimu akamenya yai la kuchemsha, akasema, "Korongo taji nimewahi kumwona. Kwenye bustani ya hoteli, amefungiwa, watoto wanamtupia biskuti. Nilitoka pale nimeudhika, nikaapa nitamwona akiwa huru kabla sijafa. Ndege mwingine yeyote nikimkosa, potelea mbali."

Evaristi akasema ndiyo, mwalimu.

Jioni ya siku ya tatu walifika Kibimba, wakateremka bondeni. Walizunguka pembezoni mwa mashamba mpaka giza likaanza kuingia. Waliona yangeyange, fundichuma mmoja, na mwanamke anayemwagilia kabichi. Mwalimu hakulalamika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alifunga daftari akasema, "Bado kuna kesho asubuhi, siyo?" kisha akapanda gari kwenda kulala kwenye nyumba ya wageni.

Mwanaume mwingine angekiri. Evaristi alikaa na Keza uani akampa mtama, akamwambia kila kitu kwa Kirundi, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Lilikuwa wazo la mtu ambaye kwa miaka mitatu ameomba ushauri kwa ndege.

Kulipopambazuka alitangulia na Keza bondeni. Hakumfunga kamba, maana Keza alimfuata popote. Akamwaga mtama nyuma ya kipande cha mafunjo kilichosalia, akamwacha anadonoa, akapanda mbio kuwasubiri wageni barabarani. Alipowasalimia masikio yalikuwa yameshalowa.

"Tembeeni polepole," akawanong'oneza. "Nimesikia kitu."

Walipofika kwenye tuta mwalimu alishika mkono wa Evaristi ghafla, akaubana. Mbele yao, hatua sitini hivi, katika ukungu mwepesi, korongo taji alikuwa anatembea taratibu, akiinua miguu mirefu, jua la kwanza limegusa shungi lake. Mwalimu Recho aliinua darubini. Machozi yakamtiririka chini ya vioo naye hakuyafuta, maana angemfuta na ndege.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Yuko huru kabisa."

Evaristi alitazama chini. Alikuwa ametaka furaha hii, na sasa alipoipata hakujua aishike wapi.

Mambo yangeishia hapo, lakini Ngassa, ambaye kwa siku tatu nzima alikuwa amesinzia kwenye usukani, naye alizidiwa na uzuri. Kwao wakifurahi hawanyamazi. Akapiga makofi. Pa, pa, pa-pa! "Hongera, mama! Umempata!"

Ndege wa porini angepaa. Keza aliinua kichwa, akasikiliza, akafungua mabawa, akaanza kucheza. Aliruka, akainama, akazunguka, huku akija, akivuka mifereji ya maharage moja kwa moja mpaka walipo. Mabawa yalipofunguka jua liliyapenya yote mawili. La kushoto lilikuwa zima, pana, jeupe na jeusi na rangi ya asali. La kulia lilikuwa limekatwa kwa mstari ulionyooka. Keza akampita mwalimu, akampita Ngassa, akasimama mbele ya Evaristi na kumwinamia, akisubiri makofi yaendelee.

Ngassa alibaki na viganja hewani. Mwalimu aliteremsha darubini. Alimtazama ndege, akamtazama mwenye ndege, kwa muda mrefu kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyenakili mtihani.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Keza."

"Nani anamkata?"

Evaristi alitaka kusema Agness, maana ni kweli Agness ndiye aliyeanza, na marehemu hakasiriki. Lakini uongo ulikuwa umemwishia. "Ni mimi, mwalimu. Nisipomkata ataondoka."

"Alishawahi kujaribu?"

Swali hilo hakuwahi kulipenda. Jozi ile ya zamani ilipokuwa bado inapita juu ya nyumba jioni ikiita, Keza alikuwa akikimbia uani toka ukuta huu mpaka ukuta ule, akipiga bawa moja na nusu, akianguka, akisimama tena. Evaristi aliingia ndani akafungulia redio nyakati hizo. Alimweleza mwalimu yote hayo pale kwenye tuta, hata redio, akaongeza kwamba kwao ndege huyu ni heri ya nyumba.

Mwalimu Recho hakugomba. Angegomba, ingekuwa nafuu. Aliketi kwenye nyasi zenye umande, akamwacha Keza adonoe kamba za raba zake. "Umenitoa machozi ya bure," akasema baadaye. "Hilo nakusamehe, hata mimi naishi peke yangu, najua mtu anaweza kufika wapi. Kwenye ofisi yoyote sitakwenda kukushtaki. Lakini usiniambie tena ni heri ya nyumba. Huyu amekaa hapa kwa sababu hana njia." Kisha akainuka, akaomba apelekwe garini.

Evaristi alirudi nyumbani na Keza nyuma yake. Alikasirika wiki nzima, akimkasirikia mwalimu, na Ngassa, na waliochoma mafunjo. Wiki ya pili hasira zilimwisha akabaki na aibu, na aibu haikuwa na pa kwenda ikakaa naye mezani. Mwezi wa kumi na moja mvua zilipokolea, manyoya mafupi ya Keza yakaanza kupukutika moja moja uani. Mapya yakachomoza. Muda wa kukata ulifika, ukapita. Evaristi alijikuta amekaa mlangoni asubuhi kwa asubuhi akiyatazama yanavyorefuka, kama mtu anayeangalia maji yakipanda kuelekea nyumba yake, na hakuinuka.

Mwezi wa pili Keza alipaa mpaka kwenye paa la jiko. Alishangaa kuliko Evaristi. Akashuka, akala mtama, akalala uani kama kawaida. Kesho yake akafika kwenye mti wa mgrivea wa jirani. Evaristi akajipa moyo kwamba labda ndiyo basi, labda ataruka na kurudi, na watu watasema Evaristi ana ndege huru anayekaa kwa mapenzi. Aliiamini ndoto hiyo siku kumi na moja.

Kisha korongo wanne wakapita, wametokea upande wa mto, wakiita. Keza aliitika. Alikimbia toka ukuta mpaka ukuta, na safari hii ukuta wa pili hakuufikia. Evaristi alitoka mbio akiwafuata kwa miguu, amevaa kandambili moja, mpaka bondeni, akafika kwenye tuta pumzi zikiwa zimekata. Walitua kwenye maji kidogo, wote watano, halafu wakainuka tena na kwenda zao kuelekea ziwani. Yupi alikuwa Keza, yeye mtu wa kuwajua ndege mmoja mmoja, hakuweza kusema. Alingoja siku tatu. Uani mtama aliomwaga ulianza kuota.

Siku ya nne alishuka tena bondeni, na huko akampigia simu Mwalimu Recho. Hakuwa amezungumza naye tangu ile asubuhi.

"Mwalimu, shikamoo. Keza amekwenda. Sikumkata."

"Amekwenda na nani?"

"Na wenzake. Sasa wako watano."

"Umefanya vyema sana, mwanangu. Nimefurahi, tena sana." Sauti yake ilikuwa ya kweli. Kisha akauliza, taratibu, "Na wewe? Uko na nani hapo?"

Tangu Agness afe watu walikuwa wamemwuliza hivyo, kanisani, sokoni, kwenye misiba, na siku zote alikuwa na jibu. Alisema yupo na Keza, watu wakacheka kidogo, yakaisha. Evaristi alifungua mdomo kwa mazoea. Jibu halikuwepo.

"Niko peke yangu, mwalimu," akasema. Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo. Akaketi kwenye tuta, simu sikioni, akalia kwa sauti mchana kweupe, na waliokuwa wakipalilia maharage wakasimamisha majembe.