Fisi Maji Niliowatilia Saini

Siku yangu ya kwanza kazini kama bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, pale Ilagala kando ya ziwa, nilitia saini ripoti ambayo nilipaswa kuikataa. Wavuvi walilalamika kwamba makila yao, yaani nyavu za kutega, yanakatwa. Mkuu wa kituo akanisogezea karatasi iliyokwisha kuandikwa: mharibifu ni fisi maji. Nilikuwa kijana mwenye viatu vipya. Nikasaini.

Mzee Ntahondi, mvuvi aliyenipa chumba nyumbani kwake, aliposikia alicheka kidogo.

"Mwanangu, wewe umekuja jana. Hao nimekua nao. Nenda kwanza ukatazame wanachokula."

Sikwenda. Mitego ikawekwa kwenye mdomo wa mto Malagarasi, na mvua zilipoanza fisi maji walikuwa wamekwisha.

Nikahamishiwa Kibirizi kukagua dagaa. Namshukuru Mungu kwa Mama Mkaguzi, mkuu wangu wa pili, aliyenifundisha kazi upya. Ukutani alikuwa na picha ya sili wa manyoya, mnyama wa bahari za baridi. Alitutaka tutazame masikio yaliyojitokeza na miguu ya nyuma anayoigeuza mbele ili atembee. Wazee wa sili huyo, alisema, walitoka nchi kavu, ukoo mmoja na mbwa, dubu na fisi maji. Nyangumi jamaa yake ni kiboko, na nguva jamaa yake ni tembo. Kila mmoja aliingia majini kwa njia yake.

"Kumbe fisi maji wetu ni binamu yake?" nikauliza.

"Wa mbali. Wale wa Ilagala walikuwa wanakula nini?"

Nikasema sijui.

"Kinyesi chao hukukitazama?"

"Sikukitazama."

Hakunikaripia. Kesho yake tukaenda Ilagala kwa boti ya ofisi. Chini ya jabali ambapo fisi maji walizoea kujisaidia tulikuta kinyesi kikavu kimejaa magamba ya kaa. Kaa ndio waliokuwa wakikata makila, na sasa hawakuwa na wa kuwala.

Mzee Ntahondi alikuwa akichomoa kaa kwenye matambara ya wavu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, Bwana Samaki," akajibu bila kuinua kichwa.

Mwaka ule aliliacha ziwa, akahamia Kidahwe kulima mihogo.

Nimestaafu salama, nami nashukuru. Kila mwanagenzi niliyepewa nilimpeleka kwanza kutazama kinyesi, ndipo nikampa kalamu. Lakini saini ile ilimtoa Mzee Ntahondi ziwani, ikanitoa na mimi nyumbani kwake. Hakuniita mwanangu tena hadi anakufa.